Msiba Usiokuwa na Maiti

Auckland, 12 Februari 1995

Shangazi Kalolaine,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, mguu wako wa kulia umeuinua juu ya kiti kama daktari alivyosema, wala huko kibandani hugongi magome na wenzako. Sisi huku wazima. Mama anaimba kwaya kama kawaida, na kama kawaida ameshagombana na mwalimu wa kwaya. Baba hajaniandikia tangu Krismasi. Ningesema umwambie, lakini najua kwa mila wewe na kaka yako hamkai chumba kimoja, basi Hainite ampelekee salamu zangu. Mwambie mjukuu wako huyo nimemwekea viatu.

Nimeacha kazi kule baa. Utafurahi, maana hukuipenda tangu mwanzo, lakini nataka ujue kwa nini. Kuvalishwa sketi ya nyasi za plastiki na vifuu viwili kifuani nilivumilia. Kuwasalimu wateja kwa neno la Kihawaii, kisha kuwachezea ngoma ya Kitahiti, kisha kumsikia tajiri akiwaambia kwamba hiyo ndiyo Tonga, nilivumilia pia, kwa kuwa nilikuwa nasoma chuo cha sanaa na ada ilitaka kulipwa. Mwezi uliopita akaleta ngatu. Ngatu ya kweli, Shangazi, gome lililogongwa na kuchorwa kwa mkono, pana kuliko sebule yetu. Aliinunua mnadani, akaikatakata kwa mkasi ikawa vitambaa vya meza. Nilikuwa napangusa mchuzi wa nyanya juu ya michoro ambayo nilikuona ukiichora nikiwa na miaka saba. Nikavua vile vifuu nikaviweka kaunta. Vile vitambaa vilivyochafuka walikuwa wanavitupa, nikavibeba nikaondoka navyo.

Sasa nina ombi. Ipo kazi naiandaa. Niambie, mtu anapofiwa kwetu, nani anavaa mkeka gani kiunoni, na nani anakaa wapi? Na wanawake wanaombolezaje, wanaanza na maneno gani? Nilikuja huku nina miaka minane, mengi nimeyasahau. Mama nikimuuliza ananiambia niende nikaoshe vyombo.

Mwanao,
Tokilupe


Vava'u, Tonga, 9 Machi 1995

Tokilupe mwanangu,

Barua yako ilikaa posta kuu Nuku'alofa hadi ikachoka, imefika jana. Mguu wangu mzima, usianze. Mvua zimenyesha vizuri na viazi vikuu vimenenepa. Baba yako amejenga zizi jipya la nguruwe. Nilimtuma Hainite aniletee yule mnene kuliko wote, jirani zake wakanung'unika, lakini baba yako alimfunga kamba yeye mwenyewe akamleta hadi mlangoni kwangu, akaondoka bila kuingia. Mimi ni dada yake. Nikilitaka hata paa la nyumba yake atapanda alishushe.

Umefanya vizuri kuacha ile kazi. Sina zaidi la kusema juu ya huyo mwenye mkasi. Niliposoma ilibidi nitoke nje kidogo.

Kuhusu ulichoniuliza: nani amekufa? Hakuna? Basi una akili wewe? Mambo ya msiba hayaulizwi watu wakiwa wazima wanacheka. Mkeka wa msiba hautolewi sandukuni kwa mazoezi. Ukilia bila maiti, maiti anatafutwa, na mimi sitaki atafutwe katika ukoo huu. Uliza mambo mengine. Uliza namna ya kupika majani ya majimbi kwa nyama ya kopo na tui, maana mama yako anayaunguza, na mwambie nimesema.

Ule mkeka laini niliokupa siku uliyopanda ndege, unauanika juani? Usiukunje mara mbili pale pale, utakatika.

Shangazi yako,
Kalolaine


Auckland, 30 Aprili 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu nguruwe mpaka Mama akaja kuniangalia. Kuhusu majani ya majimbi nimemfikishia ujumbe, na tangu hapo haniongeleshi vizuri. Baridi imeanza. Mkeka wako nauanika, usiwe na wasiwasi.

Kazi niliyokuambia imekwisha. Ilifanyika katika ukumbi mmoja wa maonyesho ya sanaa hapa mjini, siku moja tu, Jumamosi, asubuhi mpaka jioni. Sitakueleza yote, utanicheka. Ilihusu ile baa na maduka yote yanayouza vitu vya namna ile. Watu wengi walikuja. Wazungu walilia, Shangazi, walisimama pale machozi yanatiririka. Gazeti moja limeandika. Mwenye ukumbi alisema hajawahi kuona kitu cha kweli kama kile, akapiga picha nyingi.

Wale bibi wawili wa kanisani kwetu, Siosi'ana na mdogo wake, walikuja pia. Walivua viatu mlangoni, wakasimama kidogo, wakaangaliana, kisha wakavaa viatu vyao wakaenda. Nadhani iliwagusa mno.

Nilivaa mkeka wako. Niliuvaa kwa heshima yote.

Mwanao,
Tokilupe


Auckland, 18 Juni 1995

Shangazi,

Shikamoo. Je, barua yangu ya Aprili uliipata? Au imechoka tena njiani? Kila Ijumaa naangalia sanduku la posta. Nilipiga simu duka la hapo mjini Neiafu nikaomba wamwite Hainite. Waliniambia amekuja na kuondoka kabla laini haijashika. Baba ameandika mistari mitatu, kwamba mvua imenyesha, nguruwe wazima, nisali. Wewe hakukutaja.

Nimemwambia Mama nina wasiwasi. Amejibu, "Mwache shangazi yako. Akitaka kusema atasema." Nimemuuliza, "Kwani kuna nini?" Akasema nikaoshe vyombo.

Kama nimekuudhi niambie tu. Unajua mwenyewe tulivyokuzwa kuogopa hasira ya shangazi. Mke wa binamu yangu mpaka leo anasema uchungu wake ulichelewa siku mbili kwa sababu alikujibu vibaya sokoni.

Tokilupe


Vava'u, 3 Agosti 1995

Tokilupe,

Wote wazima huku. Hainite amefaulu mtihani. Losaline, tunayekaa naye meza moja sokoni, ameng'oa jino. Samahani kwa mwandiko mkubwa, nimenunua kalamu mbaya.

Barua zako zote mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika maneno ambayo shangazi hapaswi kumwandikia mtoto wa kaka yake. Nimeyachana. Sasa yamepoa kidogo, nitakwambia.

Mwezi wa tano ilikuja meli ya watalii, kubwa kuliko kilima. Tulikuwa sokoni na vikapu vyetu. Akaja mwanamke wa kizungu, mtu mzuri wala hakuwa na dharau, ameshika kadi ya posta. Akamwambia Hainite kwa Kiingereza, "Muulize bibi kama anauza mkeka kama huu." Hainite akaichukua kadi. Nikaona mikono yake imesimama. Nikamwambia, "Lete."

Ulikuwa wewe. Nguo nyeusi, nywele umezibana vizuri, mkeka wangu laini kiunoni. Umekaa kichwani mwa kitu kimelazwa, kimefungwa ngatu yenye madoa, na kwa pembeni zinatoka nyasi za plastiki. Nyuma ya kadi, Hainite akanisomea, imeandikwa "Mjane wa Bahari ya Kusini." Wewe mjane! Huna hata mchumba.

Losaline akachungulia begani kwangu. "Kalolaine, huyu si Tokilupe wa kaka yako Feleti? Nani amekufa kwenu hukutuambia?" Mwingine akadakia, "Tena kakaa kichwani! Kawa nani siku hizi, binti mfalme?" Wakacheka wote, na yule mzungu naye akacheka kidogo bila kujua kinachochekwa. Nikasema, "Si yeye. Ni mtu tu anafanana naye." Nilikukana, Tokilupe, mbele ya soko zima. Kisha nikamuuzia yule mwanamke kikapu, maana alikuwa bado amesimama.

Nataka uelewe kosa lako, kwa sababu najua hulijui. Sikasiriki kwamba ulililia mambo yetu. Yanaliliwa, ni kweli. Lakini ulikaa kichwani. Ulivaa mkeka laini. Watu wa huko waliona mtu analia. Sisi tuliona mtu anasema: huyu aliyelala hapa ni mdogo kwangu kwa cheo, niandalieni sehemu yangu nile. Ndiyo maana wale bibi walivaa viatu vyao wakaondoka. Hawakuguswa, mwanangu. Waliona aibu kwa niaba yako.

Najua pia ulikojifunzia. Wewe umehudhuria msiba mmoja tu maishani, wa mjomba wako, huko huko Auckland. Walikuvalisha mkeka laini, wakakuketisha karibu na kichwa chake, wakakupa ngatu na mikate, wakubwa wakakupisha njia. Ilikuwa sawa. Mtoto wa dada ni mkubwa kwa mjomba wake. Ukafikiri msiba ndivyo ulivyo. Sasa umeyalilia mambo yetu kama mtu anayemlilia mjomba. Ungeyalilia kama anayemlilia baba.

Uliniuliza mwezi wa pili nami nikakukatalia. Hilo nalo nalijua, na linaniuma usiku na mchana.

Kalolaine


Auckland, 27 Agosti 1995

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa Hainite. Pole kwa jino la Losaline, ingawa aliyenicheka acha aumie kidogo.

Barua yako niliisoma bafuni ili Mama asinione. Mwanzo nilikasirika. Nikasema, ninyi mmekaa huko na ngatu zenu halali, sisi huku ndio tunaoziona zikipanguswa mchuzi, na anayejaribu kupiga kelele mnamuuliza amekaa wapi! Niliandika kurasa mbili za namna hiyo. Nami nimezichana.

Sasa nitakueleza yote, maana umeyaona tayari. Nilinunua sketi za plastiki, mashada ya maua ya plastiki, vidoli vya wasichana wanaotingisha kiuno vile vya kuweka kwenye gari, na vile vikombe vya bia vyenye sura ya mungu aliyekenua meno. Nikavishona pamoja vikawa umbo la mtu. Nikalifunga kwa vipande vya ile ngatu iliyokatwa. Nikalilaza katikati ya ukumbi nikakaa kichwani nikalia kutwa nzima. Sikuigiza, Shangazi. Asubuhi niliigiza, lakini mchana nilimkumbuka bibi yangu akichora ngatu kwenye ubao na sisi tukiwa tumelala pembeni kwenye harufu ya rangi, na baada ya hapo sikuweza kunyamaza hata mwenye ukumbi alipokuja kuzima taa.

Sikujua wamechapa kadi. Nilitia sahihi karatasi siku ile ya kwanza bila kuisoma. Na kuna baya zaidi, nilikuwa nakuficha. Mwenye ukumbi alichapa picha yangu moja kubwa, yenye upana wa mlango, nayo imenunuliwa. Aliyeinunua ni tajiri wa baa. Ameitundika juu ya kaunta. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Watu wanakunywa chini yangu, na wasichana walewale wanahudumu na vifuu vyao. Nikamwambia, "Ishushe." Akanijibu kwa upole kabisa, "Lakini wateja wanaipenda, Toki. Inawatia huzuni nzuri." Nilitaka kukiua kitu hiki, kumbe nimekiongezea pambo.

Mkeka wako sijauvaa tena. Kila nikiuona naona aibu. Niambie nifanye nini. Niende nikaichane ile picha? Na unisamehe, au usinisamehe, lakini usininyamazie tena.

Tokilupe


Vava'u, 20 Septemba 1995

Mwanangu Tokilupe,

Usinilie kwenye karatasi, wino unasambaa, nami siku hizi nasoma kwa taabu kwa sababu ya taa yetu mbovu. Baba yako mzima. Sokoni naenda mara moja moja, Hainite anatosha. Nyundo yangu ya kugongea magome nimempa yeye, mikono yake ina nguvu na mimi nimechoka kelele. Mguu usiuulize. Nimekwisha kusema mzima.

Picha usichane. Ukiichana watachapa nyingine, na gazeti litaandika tena, na ile ya pili itapendwa kuliko ya kwanza.

Pamoja na barua hii linakuja boksi. Losaline kampa mpwa wake anayekuja huko kuchuma matunda, kwa hiyo litafika kabla au baada, usishangae. Ndani mna mkeka. Usiogope ukiufungua. Umechakaa, umetoboka, pindo zimekatika, na ni mkubwa, utakufika kifuani na kushuka chini ya magoti. Nilimlilia baba yangu nikiwa nimeuvaa. Kabla yangu shangazi ya baba alimlilia baba yake. Unanuka moshi. Usiuoshe wala usiushone.

Sasa najibu ulichoniuliza mwezi wa pili.

Akifa aliye juu yako, baba yako, au ndugu za baba yako, huendi mbele. Huketi kichwani. Unafungua nywele, huzichani. Unavaa mkeka kama huu, na ukizidiwa unajifunika nao mpaka kichwani. Unakwenda nyuma, kwenye tanuri la shimoni, unamenya majimbi, unafunga majani, unachochea moto, na wala huli kile unachokipika mpaka wa mbele wameshiba. Hakuna anayekuja kukupa pole. Hakuna anayeiona sura yako. Machozi yako yanachanganyika na moshi na wote wanajua yapi ni yapi. Siku ya mwisho mkubwa wa msiba, yule anayeketi kichwani, anakukata nywele, nawe humuulizi amekata ngapi. Kuomboleza hakuna maneno ya kuanzia. Unaita jina analoitwa kwako, basi.

Usiniulize kwa nini nimebadili mawazo. Shangazi haulizwi.

Kalolaine


Auckland, 5 Novemba 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo mara nyingi. Boksi lilifika kabla ya barua, nikaufungua ule mkeka jikoni bila kujua ni nini. Mama alikuwa anakaanga samaki. Aliuona, akazima jiko, akakaa chini. Nikamuuliza, "Mama, nini?" Akasema, "Wa shangazi yako huo." Akauweka usoni akaunusa muda mrefu. Safari hii hakunituma nikaoshe vyombo. Aliviosha yeye.

Nilifanya, Shangazi. Jumamosi iliyopita. Sikumwambia mwenye ukumbi wala gazeti. Nilizunguka nyuma ya ile baa, penye mapipa ya taka na mlango wa jikoni, nikakaa chini juu ya lami. Nilivaa mkeka wako mpaka kifuani, nywele nimezifungua. Mbele yangu niliweka gunia la majimbi nikaanza kumenya. Huko mbele muziki wao unapiga.

Tajiri alitoka kumwaga maji, akasema, "Mama, hapa hapaombwi." Hakunijua. Anayo sura yangu ukutani kila siku, lakini hakunijua! Nikaendelea kumenya.

Kisha akatoka msichana wa Kisamoa anayehudumu, kuvuta sigara. Akaniona. Akaizima kabla hajaiwasha sawasawa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?" Nikavuta mkeka kichwani. Akasimama pale na vifuu vyake, baada ya muda akaingia ndani akarudi amevaa koti lake, akakaa upande wangu akachukua kisu, na wenzake wawili wakamfuata. Akaja mwosha vyombo, mzee wa kisiwa cha Niue. Akaja mpishi, mtu wa kwetu Tonga, wa visiwa vya Ha'apai, huyo hakuuliza kitu, alivua kofia akaanza kulia kwa sauti. Alasiri wakaja wale bibi wawili, sijui nani aliwaambia. Siosi'ana alinitazama toka juu mpaka chini, mkeka, nywele, mahali nilipokaa. Akaketi. Akasema, "Sogea, binti wa Feleti, umekalia kuni." Hakukuwa na kuni, tulikuwa juu ya lami, lakini nikasogea.

Ndani walikosa watu wa kuwahudumia wateja wakafunga mapema. Jumatatu yake wakafungua tena, na picha bado ipo. Wasichana wawili hawakurudi, mmoja amerudi kwa sababu ana watoto. Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyepiga picha na hakuna kitu cha kuuza. Lakini nililala, Shangazi, mara ya kwanza tangu Agosti.

Nimekata tiketi, nitafika tarehe kumi na tano Desemba. Mkeka nitakuja nao nikurudishie mkononi. Na nitakuuliza ingawa umekataza: kwa nini umenijibu sasa? Mwandiko wako umekuwa mkubwa mno. Si kalamu, na wala si taa. Nilikuwa nafikiri ni hasira. Mama ananikwepa nikimtajia mguu wako.

Ningoje.

Mwanao,
Tokilupe


Vava'u, 28 Novemba 1995

Shangazi,

Shikamoo. Nimeketi barazani kwako, kwenye kiti ulichokuwa unainulia mguu. Hainite ameniambia yote: kwamba mguu ulikatwa mwezi wa saba, kwamba macho yalikuwa yanafifia tangu Machi, kwamba Baba na Mama walijua na uliwaapisha. Ile barua yangu ya tarehe tano ilifika siku mbili baada ya wewe kufariki. Amenipa ikiwa imefungwa. Hukusoma kwamba nilifanya. Hukujua kama nimeelewa.

Ndege ilikaa Nuku'alofa siku nzima kwa sababu ya upepo. Nilifika asubuhi ya kuzika. Hainite alinikimbilia getini, "Ingia upesi umuage, wanakaribia kufunika." Mlango ulikuwa wazi. Niliona mgongo wa mkubwa wa msiba aliyeketi kichwani kwako, mkeka wake laini, na kona ya ngatu nyeupe. Hatua chache tu, na watu wangenipisha, wangesema huyo katoka mbali, hajui. Ndivyo walivyozoea kusema juu yangu.

Nilikuwa nimevaa mkeka wako tangu uwanja wa ndege. Nikazunguka nyuma.

Baba alikuwepo kwenye tanuri, naye kavaa mkeka uliotoboka, anageuza mawe ya moto. Amezeeka sana. Nikamuuliza, "Baba, umemwona?" Akasema, "Mimi tangu nilipobaleghe sijaingia chumba alichomo dada yangu. Leo nianze?" Akanipa kisu. Tukamenya majimbi mpaka tukasikia wanaimba, na kuimba kukaanza kwenda mbali, tukajua umetoka. Nikajifunika kichwa. Niliita "Shangazi," basi, kama ulivyoniambia. Baba aliita jina ambalo sikuwahi kulisikia, nadhani ni lenu la utotoni.

Watalii wa meli walikuwa wanapita barabarani kwenda ufukweni. Walisimama kuwapiga picha wanawake wa mbele wenye mikeka mizuri. Mmoja alizunguka nyuma na kamera, akatuona sisi, moshi, masizi, matambara. Akarudi.

Jana nimekatwa nywele. Sikuuliza ngapi.

Barua hii na ile iliyofungwa nitazifukia mchangani kwenye kaburi lako, chini ya mawe madogo meusi ambayo Hainite anayapanga. Mkeka siwezi kukurudishia mkononi. Nimeuanika uani, na Baba amekuja akaugeuza upande wa pili ili jua liufike vizuri. Amesema niuweke mahali nitakapouona haraka siku nitakapoitwa tena, kisha akakohoa akaenda kwa nguruwe wake.

Sura yako sikuiona, Shangazi. Nilikaa pale uliponiambia nikae.

Mwanao,
Tokilupe